Njia za pakiti na ubora wa huduma katika mtandao wa meshi Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaofunga, wanaotunza au wanaotumia mtandao wa meshi Mwanza mjini na kwenye mialo ya jirani: wenye maduka, shule, zahanati, nyumba za kupanga, na vijana wanaojifunza kazi. Maswali ni yale ambayo fundi huulizwa akiwa bado kwenye ngazi. Kabla ya yote, jambo moja: malalamiko mengi ya mtandao kusuasua hayaponi kwa kununua bando kubwa zaidi. Mara nyingi tatizo ni kiungo kimoja kibovu (yaani mawasiliano ya redio kati ya ruta mbili) katikati ya njia, au foleni iliyojaa kwenye ruta moja. Sehemu kubwa ya majibu hapa chini inahusu namna ya kuvitambua hivyo viwili.

Meshi ni nini hasa?

Ni mtandao wa redio ambao kila ruta, yaani nodi, inabeba mzigo wake na wa wenzake. Katika Wi-Fi ya kawaida simu yako inaongea na kifaa kimoja chenye waya wa intaneti nyuma yake. Katika meshi, nodi ya dukani kwako huenda haina waya wowote isipokuwa wa umeme. Inaikabidhi pakiti, yaani kipande kidogo cha data, kwa nodi ya jirani, naye anaipeleka kwa mwingine, hadi ifike kwenye nodi yenye intaneti, tunayoiita lango. Nodi moja ikizimika, zilizobaki zinatafuta njia nyingine, mradi njia hiyo ipo.

Kwa nini mnaifunga Mwanza, wakati mnara mmoja mrefu ungetosha?

Mnara mmoja hautoshi kwa sababu ya mawe. Ukisimama Igogo, Mabatini au Isamilo unaona nyumba zimepanda mlima, nyingine zimejibanza nyuma ya jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Redio za gigahezi 5 hazipiti kwenye granaiti. Mnara utazihudumia paa za upande unaoutazama, na walio nyuma ya jiwe watabaki bila kitu. Nodi ikiwekwa juu ya kilele inaona pande zote mbili, na hapo meshi inajilipa.

Ila kuona kwa macho peke yake hakutoshi. Redio inahitaji nafasi wazi kuzunguka mstari wa macho. Kwa kiungo cha kilomita 1 kwenye gigahezi 5.8, nafasi hiyo katikati ya njia ina nusu kipenyo cha karibu mita 3.6, kwenye gigahezi 2.4 inafika karibu mita 5.6. Angalau asilimia 60 yake iwe wazi. Ukiona paa la mwenzako kupitia upenyo kati ya mawe mawili, usishangilie mapema: huenda jicho limepita na redio isipite vizuri.

Pakiti inajuaje njia ya kupita?

Haijui. Zinazojua ni nodi, kwa kufuata itifaki ya uelekezaji, yaani kanuni za kuchagua njia. Zipo jamii mbili kubwa. Ya kwanza hujiandaa mapema: nodi zinatangaziana muda wote nani anamsikia nani, na njia inakuwa tayari kabla hujaihitaji. OLSR, iliyochapishwa kama RFC 3626 mwaka 2003 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti), iko humo, pamoja na Babel, ambayo toleo lake la sasa ni RFC 8966 la mwaka 2021. Jamii ya pili hutafuta njia pale tu pakiti inapotaka kwenda, kama AODV, ambayo ni RFC 3561 ya mwaka 2003. Kiwango cha 802.11s, yaani cha meshi ndani ya Wi-Fi, kilichopitishwa mwaka 2011, kinachanganya zote mbili: njia ya kwenda langoni inatunzwa muda wote, na njia za nodi kwa nodi zinatafutwa zikihitajika.

Halafu kuna batman-adv, iliyotokana na kazi ya Freifunk, jumuiya ya mitandao huria ya Wi-Fi kule Ujerumani, na kuingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2011. Hapa nodi haichori ramani ya mtandao mzima. Inajua jirani gani wa kumkabidhi pakiti inayokwenda kwa fulani, basi. Kwa vifaa vyako, meshi nzima inaonekana kama swichi moja kubwa, na hilo linarahisisha maisha ya anayehama na simu yake kutoka nodi hadi nodi.

Fundi, kwa nini pakiti zangu zinapita nodi mbili wakati lango naliona kwa macho kutoka kwangu?

Swali hili ndilo kiini cha mambo, tulitulie.

Itifaki za zamani zilihesabu hatua tu, yaani mara ambazo pakiti inarushwa kutoka nodi moja hadi nyingine: njia yenye hatua moja ilishinda yenye mbili. Kwenye waya hilo linafaa. Hewani lina madhara, kwa sababu hatua moja ndefu mara nyingi ni dhaifu, na Wi-Fi hurudia kila pakiti iliyopotea. Mwaka 2003 watafiti wa MIT nchini Marekani, waliokuwa na mtandao wao wa majaribio juu ya mapaa ya mji wa Cambridge, walichapisha kipimo kinachoitwa ETX. Kinauliza: kwa wastani, pakiti hii itarushwa mara ngapi kabla ya kufika na kuthibitishwa kwamba imefika?

Hesabu yake ni ya daftari la dukani. Chukua kiwango cha pakiti zinazofika kwenda, zidisha na kiwango cha zinazofika kurudi, kisha gawa 1 kwa jibu. Tuseme kutoka kwako Igogo moja kwa moja hadi langoni zinafika pakiti 6 kati ya 10, na zinazorudi ni 5 kati ya 10. Hiyo ni 0.6 mara 0.5, sawa na 0.30. Gawa 1 kwa 0.30: kila pakiti inarushwa mara 3.33. Sasa pitia kwa jirani aliye kwenye kilele, ambako kila kiungo kinafikisha asilimia 95 kwenda na kurudi. Kila hatua inagharimu 1.11, zote mbili 2.22. Njia ya kuzunguka ni nafuu kwa theluthi nzima, na jirani zako wote wanapata hewa uliyoacha kuipoteza.

Angalia pia kwamba kurudi kunahesabiwa sawa na kwenda. Wengi hununua redio yenye nguvu nyingi upande wa lango wakidhani wamemaliza. Simu au ruta ndogo ya upande wa pili inalisikia lango vizuri, lakini lango haliisikii. Kiungo cha namna hiyo kinaonyesha vijiti vyote na hakifanyi kazi.

ETX ina udhaifu wake. Pakiti zake za majaribio ni ndogo na husafiri kwa kasi ya chini, kwa hiyo kiungo kinaweza kuzipitisha zote na bado kikashindwa na pakiti kubwa. Pia haitofautishi kiungo cha megabiti 6 na cha megabiti 100. Ndiyo maana mwaka 2004 watafiti wa Microsoft walileta ETT, inayozidisha idadi hiyo kwa muda ambao pakiti inachukua hewani. Kipimo cha 802.11s kinafuata wazo hilohilo la muda wa hewani. Ukiwa na viungo vyenye kasi zinazotofautiana sana, chagua itifaki inayoutazama muda.

Nilikuwa na nodi mbili nikapata megabiti 60. Nimeongeza za katikati, sasa mwisho wa mstari napata 20. Nimeibiwa?

Hapana, ni redio moja inafanya kazi ya tatu. Redio haiwezi kurusha na kusikiliza kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja. Nodi ya katikati inapokea pakiti, wengine wakinyamaza, kisha inairusha, wengine wakinyamaza tena. Kiungo cha megabiti 60 kinatoa karibu 30 kwa hatua mbili na karibu 20 kwa hatua tatu, na hiyo ni kabla ya migongano. Hakuna itifaki itakayoliondoa hilo. Uelekezaji unachagua njia bora kati ya zilizopo, hauongezi hewa.

Dawa ni redio mbili au tatu katika nodi za uti wa mgongo: moja ya kupokea, nyingine ya kupeleka mbele kwenye chaneli tofauti, na ya gigahezi 2.4 kwa ajili ya simu za watu. Bajeti ikibana, anza na nodi iliyo jirani na lango, maana mizigo yote inapita hapo.

Nodi mbili za pande mbili za jiwe ziko sawa kila moja ikiwa peke yake. Zikifanya kazi pamoja zote zinazorota. Kwa nini?

Hapa mawe yanatulipiza. Weka nodi A upande wa mashariki wa jiwe, B upande wa magharibi, na C juu kileleni. A na B zote zinaisikia C, lakini jiwe linazizuia kusikiana. Wi-Fi ina adabu ya kusikiliza kwanza: nikisikia mwingine anaongea, nasubiri. A ikisikiliza inakuta kimya, inarusha. B nayo inakuta kimya, inarusha. Juu ya C sauti mbili zinagongana na pakiti zote zinapotea, zinarushwa tena, zinagongana tena. Ukiipima A usiku wa manane B ikiwa haina mteja, kila kitu ni safi. Saa mbili usiku, watu wote wamerudi nyumbani, inakuwa vurugu.

Tatizo hili la nodi zilizofichana lina alama yake: ishara ni nzuri, kelele ni ndogo, lakini pakiti zinazorudiwa ni nyingi na zinaongezeka pamoja na matumizi. Jaribio la kuwasha RTS, ambapo nodi inaomba ruhusa kwa C kabla ya kurusha pakiti kubwa, ni bure na linasaidia kiasi. Linakula hewa kidogo kwa maombi hayo. Suluhisho la kudumu ni kuipa C redio mbili zenye antena za mwelekeo, moja kwa kila upande wa jiwe, kila moja na chaneli yake.

Nina bando kubwa, kipimo cha kasi kinaonyesha namba nzuri, lakini simu ya WhatsApp inakatikakatika jioni. Shida nini?

Kasi na ubora wa huduma ni vitu viwili. Simu ya sauti haitaki kasi: hata usimbaji wa zamani wa sauti uitwao G.711 unahitaji takriban kilobiti 80 kwa sekunde tu, pakiti 50 kila sekunde. Inachotaka ni pakiti hizo zifike kwa wakati, kwa nafasi sawa, na zisipotee. Pendekezo G.114 la ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende kawaida. Ukizidi hapo sana, watu wanaanza kukatizana maneno.

Sasa tazama kinachotokea jioni. Mtu wa chumba cha pili anapandisha video. Njia ya kupandisha ina megabiti 2 kwa sekunde, na ruta imetengewa foleni ya megabaiti 1. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa kasi ya 2, foleni ikijaa inachukua sekunde 4 kupungua. Pakiti ya sauti yako inafika na kukaa nyuma kabisa, mithili ya bodaboda iliyokwama nyuma ya malori kwenye kivuko cha Kamanga: yenyewe ni ndogo na ina haraka, lakini haina pa kupenya. Hakuna pakiti iliyopotea na kipimo cha kasi kitakusifia, wakati mazungumzo yameshakufa.

Tiba ipo na ni ya bure. Inaitwa fq_codel, imeelezwa katika RFC 8290 ya mwaka 2018, na iko ndani ya OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta. Inagawa foleni moja kuwa nyingi, kila mazungumzo na foleni yake, na kuzihudumia kwa zamu. Pia inazidondosha mapema pakiti zilizokaa sana, ili anayepandisha video apunguze mwendo. CAKE ni ndugu yake, yenye udhibiti wa kasi ndani yake na mipangilio michache.

Sharti moja watu hulisahau: foleni lazima iwe kwako, si kwenye modemu wala kwa mtoa huduma. Punguza kasi langoni mwako iwe chini kidogo ya kasi halisi unayopewa. Anza na asilimia 85 hadi 90. Unatoa kasi kidogo unapata utulivu, na kwa nyumba yenye wapangaji wengi sijaona marekebisho yanayozidi haya kwa faida.

Na kuna mnyonyaji mwingine wa kimya: simu iliyo mbali inayoongea kwa megabiti 6. Kutuma pakiti yake kunachukua muda mrefu mara nyingi kuliko wa simu iliyo karibu, na Wi-Fi ya zamani ilimpa kila mtu zamu sawa za pakiti badala ya muda sawa. Simu moja ya kona ya mbali inawashusha wote. Washa mgawanyo wa haki wa muda wa hewani kama redio yako inao.

Siwezi tu kuzipa simu za sauti kipaumbele?

Unaweza, kwa kiasi. Wi-Fi ina madaraja manne yaliyotokana na 802.11e ya mwaka 2005: sauti, video, kawaida, na mizigo isiyo na haraka. Pakiti yenye alama ya sauti inasubiri muda mfupi zaidi kabla ya kurushwa. Lakini kipaumbele hicho ni cha hatua moja. Kila nodi njiani inapaswa kuisoma alama na kuiheshimu, na pakiti zinazotoka intaneti mara nyingi zinafika alama ikiwa imefutwa. Tena usipakie kila kitu kwenye daraja la sauti: daraja hilo kwa kawaida halifungi pakiti nyingi kwenye mrusho mmoja, hivyo linapoteza hewa. Rekebisha foleni kwanza. Kipaumbele kije baadaye kama bado kinahitajika.

Njia zinabadilika kila baada ya muda mfupi. Ni kawaida?

Mara mojamoja, ndiyo. Kila dakika, hapana. Ikitokea kuna njia mbili zinazokaribiana kwa ubora, itifaki inaweza kuruka huku na huku. Kila ikihama, mzigo unaifuata, njia mpya inajaa, ile ya zamani inaonekana nzuri tena. Sauti ndiyo inaumia kwanza kwa sababu pakiti zinafika zimepishana. Babel inazuia kuhama kwa tofauti ndogo na hairuhusu pakiti kuzunguka bila kufika njia inapobadilika. Kwenye batman-adv ongeza adhabu ya kila hatua kidogo ili njia ndefu isishinde kwa bahati.

Kama kuhama kunafuata upepo, acha mipangilio, panda juu ukakaze bomba. Tumekuta antena nyingi ufukweni zinazoyumba kila upepo wa mchana unapoanza kutoka ziwani.

Tuna malango mawili, moja Nyegezi na jingine mjini. Kasi zitajumlishwa?

Hazijumlishwi kwa mtumiaji mmoja. Kila nodi itachagua lango moja na mzigo utagawanyika kati ya watu, jambo ambalo tayari ni msaada mkubwa. Angalia tu kwamba kuhama lango kunabadilisha anwani yako ya nje, hivyo simu iliyokuwa hewani inakatika na malipo ya mtandaoni yaliyokuwa katikati yanaweza kugoma. Panga nodi ing'ang'anie lango lake hadi jingine liwe bora kwa tofauti kubwa.

Kiungo chetu kinavuka maji. Asubuhi ni kizuri, mchana kinaanguka, usiku kinarudi. Vifaa ni vibovu?

Huenda ni vizima kabisa. Ziwa linapotulia ni kioo kwa redio. Ishara moja inakwenda moja kwa moja, nyingine inagonga maji na kufika ikiwa imechelewa kidogo. Zikifika zikiwa sambamba zinaongezana nguvu. Zikipishana kwa nusu ya wimbi zinafutana. Joto na unyevu juu ya maji vinavyobadilika mchana kutwa vinapinda njia hizo, na kiungo kinapita kwenye nguvu na udhaifu bila mtu kugusa kitu. Kina cha ziwa nacho kina mchango: kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 maji yalipanda kwa zaidi ya mita moja, na urefu wa antena uliopimwa kabla ya hapo ukabadilika maana.

Kupanda juu zaidi si jibu la moja kwa moja. Wakati mwingine kushuka mita mbili ndiko kunakoponya. Bora zaidi, tumia mandhari. Isogeze antena nyuma kidogo ya ukingo wa jiwe ili jiwe liuzuie mwonzi unaotoka majini huku ule wa moja kwa moja ukipita juu. Kwa mara ya kwanza jiwe linakuwa rafiki. Kama kiungo ni cha zahanati au shule, funga antena mbili za urefu tofauti, kila moja na redio yake, na uiachie itifaki ichague.

Mvua inaharibu mtandao?

Kwenye gigahezi 2.4 na 5, kwa umbali wa mjini, matone yenyewe hayana neno. Vinavyoharibu ni maji yaliyoingia kwenye kiunganishi, majani ya miembe yaliyolowa katikati ya njia, na umeme unaokatika. Radi ni habari nyingine, na bonde hili lina radi nyingi za usiku. Kwenye granaiti nondo ya ardhini haiingii, kwa hiyo laza waya mrefu wa shaba hadi penye udongo mzito na unyevu, na uweke kinga kwenye waya wa data pande zote mbili.

Umeme ukikatika mtaa mmoja, mtandao wote unalala. Nodi si zinatafuta njia nyingine?

Zinatafuta kama ipo. Chora nodi zako kwenye karatasi na ufute moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiifuta kundi zima linabaki pekee ndiyo ya kuwekewa betri na sola kwanza, hata kama ni ya mteja asiyelipa vizuri.

Nipime nini, na lini?

Pima saa mbili hadi saa nne usiku, matumizi yakiwa juu. Tuma ping (pakiti ndogo inayopima muda wa kwenda na kurudi) kwa nodi ya kwanza, kisha ya pili, hadi langoni, na mwisho kwa anwani ya nje, kila moja kwa dakika chache huku mtu mwingine akipandisha faili kubwa. Mahali ambapo muda unaruka kutoka milisekunde 5 hadi 300 ndipo palipo na shida. Ukiruka baada ya lango tu, shughulikia foleni ya lango. Ukiruka kati ya nodi ya pili na ya tatu, angalia pakiti zinazorudiwa hapo. Kwa kasi ya ndani tumia iperf3, programu ya kupima kasi, nodi kwa nodi. Tovuti za kupima kasi zinachanganya meshi na intaneti, hutajua nani wa kulaumiwa. Andika namba kwenye daftari pamoja na saa.

Kwa ruta zenye uwezo mdogo nichague itifaki ipi?

Nodi chache na watu wanaohamahama na simu: batman-adv. Viungo mchanganyiko, vingine vya waya, vingine vya redio: Babel. Unataka kitu kilichomo tayari kwenye redio bila kuongeza programu: 802.11s. Yoyote utakayochukua, zima kasi za zamani za megabiti 1 na 2 kwenye gigahezi 2.4. Matangazo ya nodi hurushwa kwa kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa, na nodi zikiwa nyingi yanakula hewa kabla mteja hajafungua hata ukurasa mmoja.

Nahitaji leseni?

Kuuza intaneti kwa umma kunahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Nenda ofisini kwao kabla hujakusanya pesa ya kwanza, na uwaulize pia kuhusu nguvu ya redio na vifaa vilivyoidhinishwa.

Ni lini nisifunge meshi?

Kama una majengo mawili yanayoonana, funga kiungo kimoja cha moja kwa moja chenye antena za mwelekeo. Kitakuwa na kasi zaidi na maswali machache. Kama waya unaweza kufika, vuta waya, hata ikiwa ni kwa hatua ile ya kwanza kutoka langoni. Na kama huna mtu wa kupanda juu ya paa siku nodi ikizima, usianze na nodi kumi. Anza na tatu, zizoee miezi ya mvua na ya upepo, ndipo uongeze.